Bafu la Upande wa Nyuma

Kiwiko cha Baba kilinipata mdomoni, na kabla sijasikia maumivu nilisikia ladha ya chuma. Nilirudi nyuma, mgongo ukagonga ukuta wa vigae, nikamwona akinitazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwenye hasira unajua pa kumshika.

"Mshike kichwa," alisema Fundo, mhudumu mwenzangu, aliyekuwa nyuma yake. "Sista, mshike kichwa, mimi nimeshika mikono."

Sikumshika. Nilisimama na kiganja kinywani, damu ikipita kati ya vidole, mimi muuguzi niliyeng'atwa, niliyetemewa mate, niliyeparuzwa na wazee mpaka shingo ikawa kama ramani, nikaduwaa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Maana Baba hakuwahi kunipiga. Maisha yake yote hakunigusa hata kwa kofi la kufukuzia nzi. Alisubiri mpaka nikaota mvi.

Fundo alimwachia. Baba akatoka bafuni nusu uchi, sabuni masikioni, akaenda zake ukumbini kama mtu aliyemaliza shughuli zake ofisini.

Baba alikuwa mchinjaji. Simaanishi muuza nyama mwenye duka na mizani. Namaanisha mchinjaji wa machinjio makubwa, anayeingia kazini kabla ya jua na kutoka mchana akiwa amepitisha mikononi mwake ng'ombe ambao ungewapanga wangejaza barabara. Watu walimwogopa kwa kazi yake na walicheka walipomjua. Nyumbani hakushika kisu. Kuku wa wageni alichinjwa na jirani, Baba akiwa amegeukia ukutani anasoma gazeti. "Kazi nimeiacha kazini," alisema. Mama ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi. Kandambili yake ilijua njia ya migongo yetu hata gizani. Baba, ukivunja sahani, alikusaidia kuokota vipande.

Kwa hiyo mdomo ulipovimba siku ile nilijiambia ni ugonjwa, si yeye. Ndivyo tunavyowaambia ndugu wa wagonjwa. Ni maneno mazuri, ila ukiyameza mwenyewe yanakwama.

Nyumba yetu ya kutunzia wazee ilikuwa na pande mbili. Upande wa mbele walikaa waliochoka miili tu: walicheza karata, walisikiliza redio, waligombania kiti cha kwenye jua. Upande wa nyuma, baada ya mlango wa chuma, walikaa wale ambao ugonjwa wa kusahau ulikuwa umewala kama mchwa anavyokula boriti, nje ubao mzima, ndani unga. Upande huo ndio uliokuwa wangu, na kwa miaka mingi tuliuendesha kwa vitambaa.

Vilikuwa vitambaa vya shuka kuukuu, vipana, vilivyokunjwa mara mbili ili visikate ngozi. Aliyevibuni alikuwa mhudumu wetu mmoja, pandikizi la mtu mwenye kicheko kilichofika mahali kabla yake. Mafundo yake hayakufunguka wala hayakuacha alama, ndipo tukamwita Fundo, na mwisho hata mkewe akamwita hivyo. Asikudanganye mtu kwamba alikuwa katili. Aliwafunga wazee vitini huku akiwaimbia, na wakilia alilia nao kwa utani mpaka wengine wakacheka. Zamani, kabla sijaajiriwa, bibi mmoja asiyefungwa alipenya mlangoni, akakutwa asubuhi kwenye mtaro wa barabarani, uso chini, katika maji yasiyofunika hata kifundo cha mguu. Fundo ndiye aliyembeba kumrudisha. Tangu hapo aliamini kitambaa kama wengine wanavyoamini dawa.

Kisha ikaja miongozo mipya. Nilitumwa mjini kwenye semina, nikarudi nayo mkobani: kusiwe na kufunga mtu. Kusiwe na kuogesha kwa nguvu. Kusiwe na dawa ya kumlaza mgonjwa ili mhudumu apumzike. Na neno moja lililonikaa zaidi ya yote: mgonjwa akipiga, kabla ya kuuliza afanywe nini, uliza anaona nini.

Matroni wetu alikuwa mwanamke mkavu, aliyeongea kana kwamba maneno yanauzwa. Alisoma kurasa zote, akaziweka mezani na kuzinyoosha kwa kiganja.

"Karatasi haijawahi kung'atwa," alisema.

Nilidhani amekataa. Lakini mchana ule ule alipita kiti kwa kiti akikusanya vitambaa, akavifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni mwa sare yake.

Wiki zilizofuata zilikuwa vita. Bibi mmoja aliyekuwa amefungwa kitini miaka nenda miaka rudi aligundua kwamba ana miguu, akatembea ukumbini tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha jioni, kiatu mkononi, na kila aliyekaa njiani mwake alikula kisigino. Babu mmoja, dereva wa malori enzi zake, alishika viti vya magurudumu vikiwa na watu ndani, akaviendesha kwa kasi mpaka ukutani, na akigonga alitoa kichwa pembeni na kulaumu breki. Mhudumu mmoja aling'atwa sikio likaning'inia. Wawili waliacha kazi, na mmoja wao alinirushia aproni kifuani akiondoka.

"Walioandika haya wana mlinzi getini," aliniambia. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Tuliendelea kwa kupapasa. Dereva tulimpa toroli la nguo chafu, akawa anapeleka mzigo kwa dobi na kurudi, na siku nyingine alinidai nimlipie kibarua chake. Bibi wa kiatu alitembea mpaka akachoka, na usiku akalala bila kidonge. Fundo aliyatazama haya yote akiwa amekunja mikono. Hakunipinga. Ila kila akipita kwenye lile kabati alilitupia jicho, kama mtu anayepita nyumba aliyozaliwa na sasa wamehamia wengine.

Ni wakati huo ambapo Kaka alimleta Baba.

Walikuja na gari la kukodi, mchana wa jua kali. Wifi alikuwa kiti cha mbele, mkono umefungwa plasta tangu kidole gumba mpaka kiwiko. Baba alikuwa kiti cha nyuma, mikono yake imebanwa pamoja kwa mkanda wa suruali wa Kaka.

"Alimtupa mlangoni kama gunia," Kaka alisema. Alikuwa hajanyoa, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. "Tulikuwa tunampeleka kuoga tu. Mimi namvuta, mwenzangu anamsukuma kidogo kwa nyuma. Kosa letu ni hilo, kumtaka awe msafi." Akanisogelea. "Mfunge, mdogo wangu. Najua una makaratasi yako siku hizi. Mfunge kabla hajaua mtu."

Niliufungua mkanda mwenyewe. Ulikuwa umechora mistari myekundu kwenye mikono ile. Baba aliisugua, akanitazama usoni kwa adabu.

"Asante, mama," alisema, kama unavyomshukuru mtu asiyekujua aliyekupisha njia.

Wahudumu hawakupenda, na hawakuficha. Walisema damu nzito kuliko maji. Walisema miongozo imekuja kwa ajili ya baba wa sista, ingawa kila mmoja wao alijua miongozo ilimtangulia. Na siku ile nilipotoka bafuni na mdomo kama embe lililopondeka, walinipisha njia, kila mmoja akarudi kwenye ndoo yake.

Tulimwacha siku kadhaa bila kuoga. Tulimfuta alipolala, tulibadilisha shuka. Lakini mwili una ukweli wake. Alijichafua, akakataa kubadilishwa, akakaa na uchafu ule mpaka ngozi ya mapajani ikachubuka na kuanza kutoa maji. Matroni alimchungulia, akaniambia neno moja tu: "Leo."

Fundo ndiye aliyejitolea. Wengine walikuwa wamepata shughuli za ghafla.

"Nitakuwa mpole, sista," alisema. "Kwa ajili yako nitakuwa mpole mpaka ushangae."

Na alikuwa mpole. Nataka lieleweke hilo. Tulifanya kila kitu kama tulivyofundishwa semina. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nilitangulia mbele, nikamshika Baba mkono, nikazungumza naye kwa sauti ya chini, nikamweleza kila tunachofanya kabla ya kukifanya. Fundo alikuwa nyuma, kiganja chake kikiwa kiunoni kwa Baba kama nilivyomwelekeza, akivumisha wimbo mdomoni. Tulipita ukumbi. Tulimpita dereva na toroli lake. Baba alitembea vizuri, hata alitabasamu.

Kwenye kizingiti cha bafu alisimama.

Alitanua miguu, akakaza magoti, akainamisha kichwa. Alivuta pumzi puani kwa nguvu. Nilimvuta kidogo. Fundo akamsukuma kidogo.

Yaliyofuata yalikwisha kabla ya wimbo wa Fundo kukatika. Baba aligeuka. Mkono mmoja ukamshika Fundo kidevu, mwingine kisogo, akakizungusha kichwa kile upande na chini kwa pamoja, bila papara, kwa uzito wa bega zima. Ilikuwa kazi ya maisha yake yote, na mikono yake haikuwa imesahau chochote. Lile pandikizi la mtu lilianguka kama ukuta. Uso wake uligonga bomba la chuma lililotokeza ukutani, kisha ukingo wa beseni, kisha sakafu. Mfupa wa taya ukivunjika una sauti yake, nami sitaifananisha na kitu. Baba akamwekea goti shingoni, akakaza, na mkono wake wa kulia ukaenda kiunoni kwake mwenyewe, ukapapasa pale penye pindo la shuka tuliyomfunga, ukitafuta kitu kisichokuwepo.

Nilijitupa juu yake. Nilimpiga mabega, nilimvuta nywele, nilimng'ata mkono. Ndiyo, nilimng'ata baba yangu, na sina cha kuongeza hapo. Mwishowe alitoka shingoni kwa Fundo, si kwa sababu ya nguvu zangu, bali kwa sababu yule wa chini alikuwa ameacha kufurukuta. Baba akasimama, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

Mpira wa maji ulikuwa umeanguka na kujinyongorota sakafuni. Maji yaliibeba damu ya Fundo, yakaichora utepe mrefu mwekundu, ukateremka kwenye mteremko wa sakafu kwenda kwenye tundu la katikati. Nilikuwa nimepiga magoti, nimemlaza Fundo ubavu ili damu isimwingie kooni, nimeingiza vidole kinywani mwake kutoa meno. Huko ukumbini mtu alikuwa akiita msaada. Na mimi, sijui kwa nini saa ile na si nyingine, niliinua kichwa nikauliza lile swali la semina.

"Baba, unaona nini?"

"Damu," alisema. Alihema kama mtu aliyekimbia. "Si unaiona inavyokwenda? Huyo aliyetangulia ameisha." Alitazama mlango, kisha mimi. "Ilikuwa inafuata zamu yangu."

Nilikuwa mtoto wa shule nilipompelekea Baba chakula machinjioni mara ya kwanza na ya mwisho. Mama alikuwa mgonjwa, Kaka alikuwa ameteguka mguu. Nilisimama na kopo la chakula mahali nisipotakiwa, nikawaona wakimwingiza fahali mwekundu. Mtu mmoja alikuwa mbele, akivuta kamba ya kichwa na kumbembeleza kwa sauti ya chini. Mwingine alikuwa nyuma, akisukuma kiuno. Chumba kilikuwa cha vigae vyeupe mpaka juu, sakafu imeinama kwenda kwenye tundu la katikati, mpira wa maji ukining'inia ukutani. Fahali alikuja vizuri mpaka kizingitini. Hapo akatanua miguu, akakaza magoti, akavuta pumzi.

Baba alikuwa ameniona. Alikuja, akanigeuza kwa mabega nitazame upande wa pili, mikono yake ikiwa mizito na ya moto.

"Anajua," aliniambia. "Wakifika pale mlangoni wote wanajua. Nenda nyumbani."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tulidhani tunampeleka Baba kuoga. Kila mara, kwa sauti ya chini na maji ya vuguvugu, mmoja mbele na mmoja nyuma, tulikuwa tunampeleka kuchinjwa, na hakuna mtu duniani aliyeujua mlango ule kuliko yeye. Alikuwa akipigania roho yake. Kadiri tulivyombembeleza ndivyo alivyozidi kuwa na hakika.

Fundo alipelekwa hospitali akiwa hai. Jioni ile bafu lilisuguliwa kwa dawa, na asubuhi wahudumu wote wa upande wa nyuma walikaa kwenye chumba cha kulia wakakataa kuingia zamu.

Siwalaumu. Mmoja wao alikuwa bado na damu ya Fundo kwenye viatu. Walisema jambo moja, kila mtu kwa namna yake: virudi vitambaa, au aondoke mzee yule. Kaka alikuwa ameitwa. Alisimama karibu na mlango, amevaa mkanda ule ule, akiitikia kwa kichwa kila neno lao. Nilijaribu kuwaeleza habari za mlango, za vigae, za fahali. Midomo yangu ilikuwa bado imevimba na maneno yalitoka yamechakaa. Nilisema nitamwogesha mwenyewe, chumbani kwake, amekaa, anaona dirisha, bila mtu nyuma yake. Nilisikia jinsi lilivyosikika: binti anamtetea baba yake, na mwenzao yuko hospitali akinywa kwa mrija.

"Ng'ombe," alisema mmoja. "Sasa tunaambiwa habari za ng'ombe."

Matroni aliinuka, akaenda kwenye kabati, akalifungua. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa vizuri, vimenyooshwa kwa pasi. Alivitoa kwa mkono mmoja, akaviweka juu ya meza kati ya vikombe.

"Mimi siamuru afungwe," alisema. "Na simkatazi anayeogopa. Anayetaka achukue, aende akamfunge kwa mkono wake mwenyewe. Binti yake yuko hapa, atatazama."

Watu walitazama vitambaa. Mmoja alijikuna shingo. Ni rahisi kudai kamba. Kuinyanyua ni habari nyingine.

"Nipeni," alisema Kaka.

Alivitwaa. Tulimfuata, kundi zima, tukajazana mlangoni mwa chumba cha Baba. Baba alikuwa amekaa kitandani, akitazama kuku wa jirani uani. Kaka hakusalimia. Alimkamata kifundo cha mkono wa kushoto, akakizungushia kitambaa, akaanza kukivuta kwenye chuma cha kitanda. Hakujua kufunga. Fundo ndiye aliyejua. Kitambaa kilijipinda kikawa kamba nyembamba, kikakata ngozi, na Baba akashtuka. Alimpiga Kaka teke la tumbo. Kaka akarudi tena. Baba akamng'ata mkono, meno yakazama, hakuachia. Nilipiga hatua. Matroni akanishika bega.

Kaka alimpiga Baba kofi.

Lilikuwa kofi la nguvu zote, na kichwa cha mzee kilikwenda nalo. Kisha akampiga la pili, na hilo la pili halikuwa kofi, lilikuwa ngumi. Pua ikapasuka. Kaka alibaki ameinua mkono, kifua kikipanda na kushuka, machozi na kamasi vinamtiririka, na nadhani la tatu lilikuwa njiani.

Baba hakujikinga wala hakurudisha. Aliipangusa pua kwa kidole gumba, akaitazama damu kama fundi anavyotazama rangi, kisha akamkazia Kaka jicho ambalo sikuwa nimeliona miaka mingi, jicho la mkuu wa zamu.

"Kijana," alisema, "ukishaanza kumpiga mnyama, ujue umechoka. Weka kamba chini. Kaa upumzike. Mwingine atashika."

Sauti yake haikuwa na chuki hata chembe. Alikuwa anamfundisha kazi.

Kaka alikaa. Alikaa pale pale sakafuni, miguu imenyooka mbele kama mtoto, kitambaa bado mkononi. Nyuma yangu nilisikia wahudumu wakitawanyika mmoja mmoja, viatu vyao vikiburuza. Waliingia zamu.

Nilimwogesha Baba kesho yake. Nilileta beseni chumbani, nikaliweka juu ya kiti mbele yake, nikamwacha atie mikono majini mwenyewe. Alinawa polepole mpaka viwikoni, kama alivyonawa uani kila mchana akirudi kazini. Kisha akanawa uso. Kisha akaniachia mgongo. Maji yakageuka rangi. Sikufurahi sana, nilikuwa nahesabu umbali wa kiwiko chake.

Nisikudanganye kwamba alitulia moja kwa moja. Alinipiga tena, alimpiga mhudumu wa kike aliyemwinamia kwa nyuma kumfunga viatu, alivunja dirisha. Lakini kila alipopiga tuliuliza anaona nini, na mara nyingine tulipata jibu. Vigae vya bafu tulivipaka rangi ya kijani, tukaweka pazia mlangoni na kiti cha mbao juu ya lile tundu. Wengine walioga humo kwa amani. Baba hakuwahi kukanyaga tena. Kaka alikuja kila mwisho wa wiki, akakunja mikono ya shati, akamwosha miguu. Baba alimwita "kijana" mpaka mwisho, akamsifu kwamba anaanza kuelewa kazi. Wifi hakuja, na sikumwita. Mwaka uliofuata kifua kilimbana Baba, akatutoka wakati wa mchana, mimi na Kaka tukiwa naye, hakuna aliyefungwa.

Baada ya hapo walikuja wakubwa kutoka wizarani kutazama wodi isiyo na kamba. Walipiga picha na bibi wa kiatu. Mmoja wao aliuliza kama tulipata ugumu wowote mwanzoni.

"Kidogo," alisema Matroni.

Jioni ile nilikwenda kwa Fundo. Nilikuwa nimemtembelea hospitali, lakini huko hakuweza kusema, taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya, na nilikuwa nimeushukuru ule waya. Hakurudi kazini. Mkewe alinifungulia, akaniongoza sebuleni, akaenda kuchemsha chai bila kuuliza kama ninakunywa. Fundo alikuwa amekonda. Uso wake ulikuwa umehamia upande mmoja, na jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe. Nilikaa kwenye kiti cha karibu.

Alisema pole ya msiba. Nilimshukuru. Tulizungumza habari za nyumba, za dereva na toroli lake. Hakucheka. Kisha akauliza, kwa maneno yaliyotoka polepole, kila moja likitafuta njia yake:

"Siku ile. Alikuwa ananiona mimi ni nani?"

Ningeweza kusema hakukuona, ni ugonjwa tu. Nilimwambia kweli.

"Mchinjaji."

Mkewe alikuja na vikombe, akaweka, akaondoka.

"Basi yeye alifanya sawa," alisema Fundo. "Yeye sina ugomvi naye." Alikoroga chai muda mrefu. "Ugomvi wangu ni na wewe, sista. Wewe ndiye uliyeniambia nimshike kiunoni."

"Ndiyo," nilisema.

Nilitaka kuinuka. Nilikuwa nimekwisha kushika mkoba. Lakini Fundo alikuwa akigeuza kichwa huku na huku akinitafuta, kwa kuwa nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Akanyoosha mguu, akakivuta kiti kilichokuwa kulia, akakipiga kofi mara mbili kwa kiganja ili nihamie pale.